Satsuma nyingi hazikutoka Satsuma: jinsi ya kuvisoma vyombo vya kale vya udongo vya Japani

Katika maduka ya vitu vya kale na minada ya mtandaoni, jina Satsuma limebandikwa kwenye vyombo vya kila namna. Utakuta chombo cha maua chenye rangi ya pembe ya ndovu kilichojaa vipepeo wadogo wasiohesabika, chetezo chenye simba juu ya kifuniko, seti ya chai yenye watawa wa Kibudha wenye miduara ya dhahabu vichwani, na mtungi mzito uliofunikwa maua hadi pasibaki pa kupumzisha jicho. Kimoja huuzwa kwa bei ya gari, kingine kwa bei ya chakula cha mchana. Vingi vina nembo ileile, duara lenye msalaba ndani yake. Anayeanza kukusanya hukigeuza chombo, akasoma maandishi ya kitakoni, akayatafutia maana, na hapo ndipo anapopotea.

Jina hilo moja limetumika kwa kazi za nyakati tatu zisizofanana. Kuna vyombo vilivyofinyangwa katika jimbo lenyewe la Satsuma, huko Japani, kwa ajili ya watawala wake. Kuna vyombo vya biashara ya nje vilivyochorwa Kyoto, Osaka, Yokohama na kwingineko kuanzia miaka ya 1870 hadi 1920 hivi. Halafu kuna bidhaa za zawadi za karne ya 20, ambazo nyingine hazikutoka hata Japani. Maandishi ya kitakoni ni shahidi dhaifu katika kuzitenganisha. Shahidi wa kutegemewa ni kazi yenyewe: ilifanywaje, na nani, kwa mnunuzi gani.

Wafinyanzi waliovushwa bahari

Satsuma lilikuwa jimbo la kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu, mahali ambapo leo ni mkoa wa Kagoshima, na kwa karne nyingi lilikuwa chini ya ukoo wa Shimazu. Mwaka 1592 Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyeiunganisha Japani, alituma majeshi kuivamia Korea, akarudia mwaka 1597. Vita vilikwisha alipofariki mwaka 1598. Japani haikupata ardhi hata shubiri, lakini mabwana wa Kyushu walirudi na watu. Shimazu Yoshihiro alirudi na makumi ya Wakorea, wafinyanzi na jamaa zao.

Mabwana wa enzi hiyo walikuwa wamezama katika utamaduni wa kunywa chai kwa taratibu maalumu, na bakuli za Korea walizitukuza sana. Kumteka mfinyanzi kulikuwa kukiteka chanzo chenyewe. Ndiyo sababu wengine huviita vita hivyo vita vya vyungu, na ndiyo sababu hata kauri ya kwanza ya Japani, yaani vyombo vinavyopenyeza mwanga, ile ya mji wa Arita, ilianzia katika mikono ya Wakorea walioletwa wakati huohuo.

Huko Satsuma wengi wao waliwekwa Naeshirogawa, kijiji ambacho leo kinaitwa Miyama. Ukoo wa Shimazu uliwapa ardhi na ulinzi, na papo hapo ukawatenga: walitakiwa wabaki na majina, mavazi na lugha ya Kikorea kizazi hata kizazi. Uzito wa jambo hili ulifika mpaka kwenye siasa za dunia. Togo Shigenori, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje Japani ilipoishambulia Pearl Harbor mwaka 1941, alizaliwa Naeshirogawa mwaka 1882 akiwa na jina la ukoo la Kikorea, Park. Familia yake ilijipatia jina la Togo yeye akiwa bado mtoto.

Miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za wafinyanzi hao kuna bakuli zinazoitwa hibakari, yaani za moto tu. Udongo ulitoka Korea, malighafi ya kung'arishia ilitoka Korea, mikono ilikuwa ya Wakorea, na cha Japani kilikuwa moto peke yake. Mwaka 1998, miaka 400 tangu wavushwe, watu wa Miyama waliligeuza jambo hilo: walileta moto kutoka Namwon, Korea Kusini, wakawashia joko lao, safari hii udongo ukiwa wa Kagoshima. Mkusanyaji anayeanza hadithi ya Satsuma kwenye maduka ya Yokohama amewaruka watu hawa, na kwangu mimi hilo si kosa dogo.

Udongo wa kawaida wa jimbo hilo una chuma nyingi, hivyo ukichomwa hutoka mweusi au wa kahawia. Huo ulitumika kwa vyombo vya watu wote: mitungi, vyungu, birika za kupashia pombe ya viazi vitamu. Ndiyo Satsuma nyeusi, na bado inatengenezwa. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulipatikana udongo mweupe ndani ya jimbo, ikazaliwa Satsuma nyeupe, ambayo rangi yake hasa ni ya malai. Hiyo ilikuwa ya watawala na wageni wao. Raia wa kawaida hakuruhusiwa kuwa nayo.

Kwa zaidi ya karne moja Satsuma nyeupe haikuwa na zile rangi nyingi tunazoihusisha nayo leo. Ufundi wa kuchora kwa enameli, yaani rangi za kioo kilichosagwa, na dhahabu uliingia mwishoni mwa karne ya 18, wafinyanzi wa jimbo walipotumwa Kyoto kujifunza. Hata hapo walichora kwa kiasi: matawi, maua, ndege, mapambo ya zari ukingoni, na sehemu kubwa ikaachwa wazi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mtungi wenye watawa hamsini na majoka ya dhahabu akakwambia ni wa karne ya 17, hilo haliwezekani, hata kama babu yake aliununua London na kuambiwa maneno hayohayo. Wafanyabiashara wa Ulaya wa karne ya 19 waliuza kwa wingi hadithi ya Satsuma ya kale, na hadithi hiyo imerithiwa pamoja na vyombo.

Mistari midogo juu ya utando

Ukitazama Satsuma nyeupe kwa karibu utaona mtandao wa mistari myembamba uliotanda chombo kizima. Wengi hudhani ni uzee au ubovu. Mistari hiyo ilikusudiwa, na ilijitokeza chombo kikiwa kipya. Udongo uliochomwa na utando wa kioo ulioufunika havinywei kwa kiasi sawa joko linapopoa. Utando ukinywea zaidi ya udongo ulio chini yake, huvutika, hushindwa kunyumbuka, ukapasuka vipandevipande visivyobanduka. Fundi anayejua udongo wake na majivu yake huamua kama mistari itakuwa myembamba na iliyobanana au mipana na michache. Katika kazi bora ni myembamba mno, sawasawa mwili mzima, kiasi kwamba kwa hatua mbili huioni tena. Unachoona ni weupe laini wenye uhai. Katika kazi duni mistari ni mikubwa, mara nyingi imepakwa rangi ya kahawia makusudi ili ionekane ya kale.

Udongo wa Satsuma haukuyeyuka jokoni hadi kuwa kauri. Ukimulika tochi ndani ya kikombe cha kauri, mwanga hupenya; ndani ya Satsuma haupenyi. Ukigonga kwa kucha, kauri hulia kama kengele, Satsuma hujibu kwa sauti fupi na nzito. Mwili wake bado una vinyweleo, unakunywa maji, na hilo lina matokeo kwa anayekitunza, nitalirudia.

Juu ya utando huo ndipo inapokuja kazi ya mchoraji. Rangi za enameli ni kioo kilichosagwa na kuchanganywa na oksidi za madini. Hupakwa juu ya utando uliokwisha kuchomwa, kisha chombo hurudi jokoni kwa joto dogo zaidi, karibu digrii 800, ili rangi iyeyuke na kushika bila kuuyeyusha utando. Rangi hazivumilii joto moja, kwa hiyo chombo chenye kazi nyingi huingia jokoni mara kadhaa, dhahabu ikiwa miongoni mwa vya mwisho. Kila safari ya jokoni ni hatari mpya. Kosa moja la moto hufuta miezi ya kazi, na fundi hana njia ya kulirekebisha.

Jinsi jina lilivyohama

Katika miaka ya 1860 Satsuma ilikuwa mpinzani mkubwa wa serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, na iliutumia hata ufinyanzi katika upinzani huo. Kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1867 ilishiriki kivyake, mbali na ujumbe wa shogun, kana kwamba ni nchi kamili. Wageni waliviona vyombo vyake wakavitaka. Mwaka uliofuata utawala wa shogun uliangushwa, Satsuma ikiwa mstari wa mbele, na mwaka 1871 serikali mpya ikafuta majimbo yote. Wafinyanzi wa Naeshirogawa wakajikuta wamempoteza mfadhili wao kutokana na ushindi wa mfadhili huyohuyo.

Chin Jukan wa 12, wa ukoo uliotoka Korea mwaka 1598, hakukaa kusubiri. Kazi zake zilisifiwa kwenye maonyesho ya Vienna mwaka 1873, na mwaka 1875 alifungua joko lake mwenyewe. Alikuwa bingwa wa kutoboa udongo mbichi matundu madogomadogo ya mapambo hadi chetezo kionekane kama kitambaa. Ukoo huo bado unafinyanga Miyama, sasa ukiwa na mrithi wa 15.

Lakini maonyesho ya Vienna, na baadaye Philadelphia mwaka 1876 na Paris mwaka 1878, yaliwasha hamu ambayo majoko machache ya Kagoshima hayakuweza kuishibisha. Hamu ile ilifaidiwa zaidi na Kyoto. Mji huo ulikuwa umepata pigo: mfalme alihamia Tokyo mwaka 1869, na pamoja naye waliondoka wateja wa mafundi waliokuwa wakilitumikia kasri. Katika kitongoji cha Awata kulikuwa na wafinyanzi waliokuwa tangu zamani wakitengeneza vyombo vya rangi ya malai, vyenye mistari, vilivyochorwa kwa enameli. Kugeukia mtindo wa Satsuma hakukuwataka wajifunze upya. Kulitaka wajue mnunuzi wa New York na London anataka nini.

Wakati huohuo vyombo vilivyokwisha kufinyangwa na kung'arishwa, lakini bila mchoro, vilisafirishwa kutoka Kagoshima, na baadaye kutoka Awata na kisiwa cha Awaji, kwenda Osaka, Kobe, Tokyo na Yokohama. Huko viwanda vidogo vya wachoraji viliota karibu na bandari. Chombo kingeweza kufinyangwa na mtu mmoja, kuchorwa na wengine watatu katika mji mwingine, kuandikwa jina la mwenye kiwanda ambaye hakukigusa, na kuuzwa kama Satsuma. Kila mtu katika mnyororo huo alijua mambo yanavyokwenda, isipokuwa mnunuzi.

Je, basi Satsuma ya Kyoto ni ya bandia? Nasikia swali hilo mara nyingi, na jibu langu ni hapana. Kanga nyingi zilizovaliwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam katikati ya karne ya 20 zilichapwa Japani, kwa rangi na maneno waliyoyataka watu wa pwani. Hakuna anayezikana kwamba ni kanga. Kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mgeni inaweza kuwa na ukweli wake, mradi ijulikane ni kazi gani na iliamriwa na ladha ya nani. Ubandia huanza pale mtu anapoipa umri usio wake au jina la fundi asiyeifanya.

Kinkozan na Yabu Meizan

Majina ya wachoraji na viwanda ni mengi, ila mawili yanatosha kuonyesha jinsi biashara hii ilivyokuwa na sura mbili.

Nyumba ya Kinkozan ya Awata ilikuwa imeitumikia serikali ya shogun kwa vizazi. Kinkozan Sobei wa 6 aliingia katika biashara ya nje mwanzoni mwa miaka ya 1870, na mwanawe, Sobei wa 7, aliyeshika usukani baba alipofariki mwaka 1884, aliigeuza nyumba hiyo kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa Satsuma ya kuuza nje. Mamia ya watu walimfanyia kazi. Matokeo yake, jina Kinkozan liko kwenye vyombo vilivyochorwa kwa uangalifu wa kustaajabisha, vyenye mandhari ndani ya fremu za dhahabu juu ya buluu nzito, na jina hilohilo liko kwenye vikombe vya haraka vilivyouzwa kwa madazani. Kiwanda kilifungwa mwaka 1927. Anayenunua Kinkozan kwa kuangalia mhuri peke yake hajanunua ubora wowote wa hakika.

Yabu Meizan, aliyezaliwa mwaka 1853, alifuata njia nyingine. Alianzisha kiwanda Osaka karibu mwaka 1880, akawa mchoraji na mwelekezi wa wachoraji, si mfinyanzi. Vyombo tupu alivinunua. Kazi zake nyingi ni ndogo: bakuli linaloenea kiganjani, chombo cha maua kifupi kuliko kalamu, na humo ndani maandamano ya watu mia, kila mmoja na uso wake, au vipepeo waliobanana hadi wanaonekana kama vumbi la rangi. Alishiriki maonyesho ya kimataifa Chicago mwaka 1893, Paris mwaka 1900 na St. Louis mwaka 1904, akawa anasoma mabadiliko ya ladha. Vyombo vyake vya baadaye vina mchoro mmoja tu uliowekwa pembeni, na uwanja mpana wa malai uliobaki mtupu. Wengi wanapenda zile kazi zilizojaa. Mimi naona katika zile za baadaye ndipo alipokuwa amekomaa kikweli, kwa sababu utando uliopasuka vizuri unapewa nafasi ya kuonekana.

Kuhusu Meizan kuna jambo linalowasumbua wanunuzi: alitumia bamba za shaba. Mistari ya msingi ya mchoro ilichongwa kwenye bamba, ikachapwa kwenye karatasi nyembamba, ikahamishiwa kwenye chombo, kisha wachoraji wakajaza kwa burashi. Je, hicho kimechorwa kwa mkono? Ndiyo. Bamba lilitoa vipimo na mpangilio. Rangi, kivuli, dhahabu na nyuso vilitoka mkononi. Ni tofauti kabisa na picha kamili ya rangi iliyochapwa na kubandikwa, ambayo tutaiona sasa hivi.

Miyagawa Kozan wa Yokohama anastahili kutajwa kwa sababu alifanya kinyume. Alianza na mtindo wa Satsuma, akapata sifa, halafu akauacha akageukia kauri na majaribio ya rangi za jokoni. Gharama ya dhahabu na uchovu wa soko vilikuwa vimeanza kuonekana.

Jicho kwanza, kitako baadaye

Chukua kioo cha kukuzia cha mara kumi. Anza na uso wa mtu mmoja katika mchoro. Mchoraji mzuri wa enzi ya Meiji, iliyodumu kutoka 1868 hadi 1912, anatoa jicho, nyusi na tabasamu kwa mstari mmoja unaoanza mwembamba, ukanenepa, ukaisha kwa ncha. Mkono wa haraka unatoa nukta mbili na kistari. Ukiona picha imeundwa na vitone vidogo vilivyopangika sawasawa, kama picha ya gazeti, hiyo imechapwa, hata kama juu yake kuna enameli kidogo iliyopakwa kuificha.

Kisha tazama dhahabu. Katika kazi nzuri ni nene kidogo, ina mng'ao uliotulia, na wakati mwingine imechorwa mistari juu ya mistari. Dhahabu ya maji iliyotumika katika bidhaa za bei nafuu ni nyembamba, inang'aa mithili ya kioo cha kujitazamia, na husuguka upesi palipo na vidole. Uchakavu wenyewe unazungumza: kwenye chombo kilichotumika kweli, dhahabu huisha ukingoni, mkononi na kwenye kifuniko, mahali kinaposhikwa. Ikiwa imefutika kwa usawa kila mahali, au imefutika pasipofikiwa na mkono, jiulize nani aliifuta.

Angalia pia mchoraji alifanya nini na sehemu ambazo mnunuzi hazitazami: ndani ya shingo, chini ya kifuniko, ukingo wa kitako. Katika vyombo bora, mapambo ya zari ndani ya shingo yana umakini uleule wa mbele. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote, kwa kuwa ndicho kigumu zaidi kughushi. Mwigaji huweka nguvu zake panapopigwa picha.

Vyombo vya miaka ya 1910 hadi 1930 vina sura yao: rangi za giza, enameli nene iliyoinuka hadi unaisikia kidoleni, watawa wa Kibudha wamepangana vichwa na miduara ya dhahabu, nyuso zikijirudia. Vingi vilitengenezwa kwa haraka. Si vibaya kuvipenda, na vinafaa kuanzia kwa mwenye mfuko mdogo. Vibaya ni kuvilipia bei ya Meiji.

Maandishi ya kitakoni

Sasa ndipo ukigeuze. Duara lenye msalaba ni nembo ya ukoo wa Shimazu, na ndiyo alama inayodanganya wengi. Baada ya mwaka 1871 hapakuwa na mamlaka ya jimbo ya kuilinda. Kila kiwanda kiliiweka, Kyoto, Osaka, popote, kwa sababu wanunuzi waliifahamu. Inakwambia chombo kinataka kuitwa Satsuma, basi.

Maneno Dai Nippon, yaani Japani Kuu, huandikwa kwa herufi za Kijapani juu ya jina la kiwanda, na mara nyingi yanaelekeza enzi ya Meiji. Majina ya wachoraji mengi huishia na zan, yaani mlima: Kinkozan, Meizan, Ryozan, Seikozan. Kwa hiyo mwisho huo peke yake hauthibitishi chochote. Hata waigaji wanaujua.

Alama zenye tarehe ya uhakika zaidi zilitokana na forodha ya Marekani. Sheria ya ushuru ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia kuanzia Machi 1891 ziandikwe jina la nchi zilikotoka kwa herufi ambazo Mmarekani anazisoma. Ndipo likaja neno Nippon kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1921 mamlaka za huko ziliamua kwamba hilo ni neno la Kijapani, na tangu hapo ikatakiwa Japan. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ikiwa chini ya majeshi ya Marekani hadi mwaka 1952, bidhaa nyingi ziliandikwa Occupied Japan, yaani Japani iliyokaliwa. Tahadhari moja ni ya lazima hapa: chombo kilichokwenda Paris au London hakikuhitaji alama ya forodha ya New York, na karatasi iliyobandikwa ingeweza kubanduka. Kukosekana kwa jina la nchi si ushahidi kwamba chombo ni cha kabla ya 1891.

Neno Satsuma lenyewe likiwa limeandikwa kwa herufi za Kilatini, hasa pamoja na Royal au Hand Painted, ondoa kabisa wazo la Meiji. Hiyo ni biashara ya karne ya 20, mara nyingi ya nusu yake ya pili, na vyombo vingi vya namna hiyo vilitengenezwa China.

Ubishi wa zamani unaoendelea

Thamani ya vyombo hivi ilianza kubishaniwa vikiwa bado vipya. James Lord Bowes, mfanyabiashara wa Liverpool aliyekusanya sanaa ya Japani kwa wingi, aliamini vipande vyake vingi vilikuwa vya kale sana. Edward Morse, Mmarekani aliyefika Japani mwaka 1877 kutafiti viumbe wa baharini na akaishia kukusanya vyungu, alimpinga hadharani. Mkusanyo wa Morse wa vyombo zaidi ya 5,000 ulinunuliwa na Jumba la Sanaa la Boston mwaka 1892. Morse aliishika ladha ya watu wa chai: alithamini bakuli la kawaida lisilo na mapambo, akaidharau Satsuma ya kuuza nje.

Juu ya umri, Morse alikuwa sahihi. Juu ya thamani, sikubaliani naye. Alikipima chombo cha mezani Boston kwa mizani ya chumba cha chai Kyoto. Hata Wajapani wengi walifuata dharau hiyo kwa karibu karne nzima, na kwa kuwa kazi bora zilikuwa zimeshauzwa nje, kizazi baada ya kizazi hakikuziona. Mabadiliko yalikuja pale wakusanyaji walipozirudia kwa macho mapya. Nasser Khalili alijenga London mkusanyo mkubwa wa sanaa ya Meiji, na Kyoto kuna jumba la Sannenzaka ambalo mwanzilishi wake, Masayuki Murata, alitumia miaka akizinunua kazi hizo ng'ambo na kuzirudisha nyumbani. Leo vipande bora vya Yabu Meizan hufikia makumi ya maelfu ya dola mnadani.

Kununua na kutunza

Kwa kuwa mwili wa Satsuma una vinyweleo, usikitie maji wala maua mabichi. Maji hupita kwenye mistari, hubeba uchafu chini ya utando, na doa hilo halitoki. Futa vumbi kwa burashi laini kavu. Usisugue dhahabu hata kidogo, na usikishike kwa mkono uliopakwa mafuta.

Marekebisho hufichwa kwa rangi ya kisasa ambayo chini ya taa ya urujuanimno hung'aa tofauti na enameli. Taa ndogo ya namna hiyo ni rahisi kupatikana siku hizi. Chunguza zaidi shingo, mikono na vifuniko, kwani ndivyo huvunjika kwanza. Kifuniko kisichokaa vizuri, au chenye mistari mipana kuliko ya mwili, yaelekea kilitoka kwenye chombo kingine.

Na kuna dosari moja ambayo picha za kuuzia huificha kwa urahisi. Katika karne ya 20 vyombo vya maua vingi vya Satsuma, vikiwemo vizuri sana, vilitobolewa kitakoni kwa keekee ili vipitishwe waya na kufanywa taa za mezani. Tundu la namna hiyo hupunguza bei mno, na mara nyingi limetoboa katikati ya jina la mchoraji. Wengine hulijaza na kupaka rangi ya malai juu yake. Mwombe muuzaji picha ya ndani ya chombo kikiwa kimemulikwa hadi chini, si ya kitako peke yake, na umwulize waziwazi kama kiliwahi kuwa taa kabla hujalipa.